Breki ya Mzee Magoti

Tulimzika Mzee Magoti kule Kisesa siku ya Alhamisi, na kabla udongo haujakauka kwenye viatu vyetu Deo alikuwa ameshaanza kuchekesha watu. Deo ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi yetu ya kiwanda, mpiga gitaa la solo, na ingawa siku hizi ana kitambi na meno ya kuhesabu, mdomo wake haujazeeka. Tulikaa chini ya turubai, sahani za wali na maharage mapajani, naye akawa anawasimulia wajukuu wa marehemu. "Babu yenu huyu mnamwona hivi hivi tu! Huyu ndiye fundi aliyeunguza amplifaya kubwa kuliko zote Kanda ya Ziwa!" Wajukuu wakacheka, maana msiba wa mtu aliyekula chumvi nyingi hauna ukali. Mimi nikacheka nao, nikausukuma wali pembeni mwa sahani. Asubuhi nilipofika nilikuwa nimemwamkia mjane wake, Mama Bahati, "Shikamoo, Mama," naye akanijibu "Karibu" tu, akatazama pembeni. Nikajiambia ni masikio ya uzee. Nikajiambia ni majonzi. Nilijiambia mengi sana kabla ya chakula kile kwisha.

Mwaka aliokuwa akiusimulia ni ule ambao kiwanda chetu kilifungwa. Kilikuwa kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, upande wa Nyakato, na mimi nilikuwa fundi umeme wake, binti wa miaka ishirini na mitatu mwenye cheti cha ufundi kilichowekwa kwenye fremu na kiburi kisichoenea kwenye fremu yoyote. Ilikuwa enzi za soko huria. Mjini maduka yalijaa redio za Dubai zenye taa za rangi rangi, mitumba ilimwagwa hadi kwenye mitaro, na kila mtu aliambiwa sasa ruksa, jitafutie. Sisi tuliletewa mfilisi, bwana mpole mwenye miwani, aliyepita na karani wake akiorodhesha kila kitu, kuanzia mashinikizo makubwa ya kukamulia hadi ndoo za chooni. Ijumaa moja ya mwezi wa tano mashine zilizimwa. Nakumbuka tulitoka nje tukasimama uani, watu mia na ushee, tukisikiliza. Kwa miaka mingi ardhi pale ilikuwa ikitetemeka chini ya nyayo zetu usiku na mchana, na sasa ilikuwa imetulia, na hakuna aliyependa utulivu ule.

Kilichobaki hai kilikuwa ukumbi wa kiwanda na bendi yake. Ukumbi ule ulikuwa mrefu, wenye dari ya mbao na madirisha ya wavu, na ulinuka mafuta ya pamba hata ukiusugua kwa sabuni. Kwenye jukwaa ilisimama amplifaya, sanduku la chuma zito la kubebwa na watu wawili, la zamani kuliko mimi. Haikutumia vitu vidogo vya kisasa. Ilitumia valvu, vile vichupa vya glasi vinavyowaka ndani, na sisi tuliviita taa. Zilikuwa taa nne kubwa za kusukuma sauti, na mlinzi wao alikuwa Mzee Magoti, Mkerewe mwembamba aliyejifunzia ufundi wa redio misheni, akavaa ufunguo wa kizimba cha amplifaya shingoni kwa uzi, kama wengine wanavyovaa rozari. Kila taa kubwa hupewa kiasi kidogo cha umeme wa kuizuia, isikimbie ovyo wakati hakuna anayepiga gitaa. Chuoni tuliuita bayasi. Mzee Magoti aliuita breki. Ukiikaza mno sauti inakwaruza, ukiilegeza mno taa inateremka mlima bila breki, bati lililomo ndani yake linakuwa jekundu, na dakika chache baadaye umezika taa. Yeye hakuwa na mita ya kupimia. Alifunga mapazia, akainama nyuma ya sanduku na bisibisi, akazungusha skrubu taratibu hadi bati lianze wekundu ukingoni, kisha akarudisha nyuma robo mzunguko. "Taa ikiona haya, wewe rudi," alikuwa akisema. Mimi nilimwona kichekesho, ingawa kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kwa adabu zote.

Wiki mbili baada ya mashine kuzimwa, taa ya kwanza ilikufa katikati ya mazoezi. Mzee akaweka ya akiba, nayo ikakaa siku tatu. Akaweka ya pili, ikaenda na yenyewe, ikabaki ya mwisho. Wakati huohuo Deo alikuwa amehangaika mjini mpaka akampata mtu: bwana mmoja anayejenga hoteli kando ya ziwa, aliyesema angekuja Jumapili moja mchana kuwasikiliza. Akiwapenda, angewachukua wote pamoja na vyombo vyao. Asipowapenda, mfilisi alikuwa ameshatamka kwamba vyombo vitaingia kwenye orodha ya vyuma chakavu pamoja na mashinikizo. Bendi ilikuwa na watu tisa. Wote walikuwa na watoto, na wote siku zile walikuwa wakila mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vya samaki vikishachukua minofu kupeleka Ulaya. Mpiga tumba alikuwa amekwisha kuuza kitanda. Deo akanijia pale kwenye kibanda changu cha umeme, kofia mkononi, mtu ambaye nilizoea kumwona akitoa amri. "Dada Kabula," akasema, "wewe umesoma. Mzee kachoka. Tuokoe." Sijui kama kuna sentensi tamu zaidi ya hiyo kwa mtu wa miaka ishirini na mitatu.

Nilifika ukumbini na mita yangu na kiburi changu. Ndani ya kifuniko cha amplifaya kulikuwa na mchoro wa kiwandani uliobandikwa, wenye vipimo vyote, na nilipopima ile breki nikakuta imelegezwa sana kuliko mchoro ulivyotaka. Bendi nzima ilikuwa imenizunguka. Ningeweza kumwita Mzee pembeni. Hadi leo najiuliza kwa nini sikumwita pembeni, na jibu ni kwamba watu walikuwa wakitazama. "Nani kalegeza hii?" nikauliza. Mzee Magoti akasema, "Mimi." "Kwa nini?" "Niriipanga kwa umeme wetu, binti," akasema, kwa ulimi wake wa kisiwani uliobadilisha l na r utakavyo. "Umeme wetu unarara." Mtu mmoja akacheka, nami nikamfuata. Nikamwambia kwamba umeme haulali, umeme ni namba, na namba hizi hapa kwenye mchoro. Aliyefanya hivi ameua taa tatu kwa kubahatisha. Niliyasema kwa sauti ya mwalimu. Deo akamnyooshea Mzee mkono, naye akauvua ule ufunguo shingoni. Uzi ulinasa kwenye sikio lake, akahangaika nao, na hakuna aliyemsaidia. Kesho yake nilimkuta kwenye geti, nikapita bila kumwamkia.

Nilikaza breki hadi kipimo cha mchoro, nikawasha. Robo saa mambo yalikuwa mazuri, kisha mabati yakaanza kuwa mekundu tena. Nikasema ni kapasita zinazovuja, zinapitisha umeme usiotakiwa na kuishinda breki. Hilo ni tatizo la kweli, limo vitabuni. Nikatoa kapasita kwenye redio mbovu za mtaa mzima, nikazichomelea kwa risasi, nikawasha. Wekundu. Nikabadilisha resista. Wekundu. Nikabadilisha kila kitu kilichotajwa kwenye daftari langu la chuo, na katika kubadilisha huko taa mbili zikafa mikononi mwangu, ya pili ikitoa mwanga mweupe mfupi kabla ya kuzimika. Zikabaki mbili. Dukani mjini nilipouliza taa za aina ile muuzaji aliita mwenzake kutoka nyuma aje asikie. Sikulala vizuri, sikula vizuri.

Chakula cha mchana tulikula nyuma ya ukumbi, kwenye kile kibanda kilichokuwa kantini. Mama Bahati, mke wa Mzee Magoti, ndiye aliyekuwa mpishi wa kiwanda, na baada ya kufungwa aliendelea kuchemsha chai na michembe, viazi vile vilivyokaushwa, kwa yeyote aliyekuja. Baada ya ufunguo kuvuliwa hakubadilika kwangu hata kidogo. Aliniwekea sahani yangu, akaniita mwanangu. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama, nikawa nakula nimegeuzia mgongo jiko, nikisikia tu mazungumzo yake na mwanamke aliyekuwa akimsaidia kuosha vyombo. "Balbu imeungua tena," Mama Bahati akasema siku moja. "Ya tatu hii tangu watufungie." Mwenzake akajibu, "Lakini hili jiko la koili siku hizi, mh! Ukigeuka tu chai imemwagika. Zamani tungeshachoka kusubiri." Wakacheka. Niliyasikia maneno yale kama unavyosikia kuku wa jirani. Fundi umeme mwenye cheti, nimekaa hatua nne kutoka kwenye jawabu, natafuna michembe, nafikiria kapasita.

Siku ya Ijumaa, siku mbili kabla ya yule bwana kuja, nilivuka kwa kivuko hadi Kamanga. Nilikuwa nimesikia kwamba parokia moja ng'ambo ile ina spika za zamani za kuitia waumini ambazo hazitumiki. Padri, mzee mkarimu, alifungua stoo, tukapangua mikeka na viti vibovu, na ndani ya sanduku la amplifaya ya spika hizo tukakuta taa mbili za aina yangu. Alinipa bure. "Zikaimbe huko," akasema. Nilizifunga kwenye kanga, nikarudi nazo mapajani, na kwenye kivuko kila mtu aliyenisogelea na kapu la samaki nilimkunjia uso. Nilisali, mimi ambaye kanisani nilikwenda Krismasi. Nilimwambia Mungu kwamba akinipa Jumapili moja tu, sitaomba kitu kingine mwaka ule. Nakumbuka maji yalikuwa matulivu, na mawe ya Mwanza yalikuwa yakikaribia polepole, na niliogopa kufika.

Jumamosi nikaziweka. Baada ya dakika kumi wekundu ukaanza kwenye kingo za mabati, nikazima haraka, nikaikaza breki mpaka mwisho wa skrubu. Wekundu ukapungua, haukuisha. Nikiwa nimepiga magoti nyuma ya sanduku, nikaona kivuli dirishani. Alikuwa Mzee Magoti, amesimama nje ya wavu, kofia mkononi. Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu halihitaji kusemwa. Mzee haanzi. Mtoto ndiye anayeamkia, na mzee akishaitika ndipo mlango wa mazungumzo unafunguka. Mzee wa aina ya Magoti angekaa njaa siku nzima kuliko kuanza kumsemesha binti ambaye hajampa shikamoo. Nami nililijua hilo. Nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingemruhusu kusema alichojia, na nilidhani amejia ufunguo, au msamaha, au kunicheka. Nikainamia kazi yangu. Nikazungusha skrubu iliyokuwa imeshakazwa. Alikohoa mara moja. Alisimama muda ambao ungetosha kunywa kikombe cha chai, kisha kivuli kikaondoka dirishani, nami nikashusha pumzi.

Jumapili yule bwana alikuja saa tisa alasiri, amevaa suti ya kijivu, akapewa kiti cha mbele na soda. Wake na watoto wa wanabendi walikuwa wamekaa ukutani, wamevaa nguo zao za sikukuu. Bendi ilianza vizuri mno. Sijawahi kumsikia Deo akipiga gitaa vile, kabla ya hapo wala baadaye; alikuwa akipiga kama mtu anayejibu kesi. Wimbo wa kwanza ukaisha, bwana akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Mimi nilikuwa nyuma ya amplifaya, nimeinama, nikiangalia bati la kwanza likiona haya, la pili likifuata. Wimbo wa pili, ubeti wa tatu, wekundu ulikuwa umeenea bati zima na harufu ya vumbi linaloungua ikaanza kutoka. Ningezima, wangeaibika. Nisingezima, zingekufa. Sikuzima. Taa moja ya Padri ikatoa mwanga mweupe, ya pili ikafuata, na gitaa la Deo likasinyaa hadi likawa sauti ya waya tu. Mpiga ngoma aliendelea peke yake kwa muda, akitutazama, akitumaini. Yule bwana alisubiri kwa adabu. Alimaliza soda yake, akasimama, akampa Deo mkono. "Poleni sana," akasema. "Nadhani nitaweka disko." Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama sasa wanakwenda hotelini, na mama yake akamziba mdomo. "Yule mzee ametumaliza," Deo akasema, na wote wakaitikia. Walinigeukia kuona ninasemaje. Nikasema, "Aliiharibu mno, sikuweza kuirudisha."

Jumatatu asubuhi nilikwenda peke yangu kufunga vyombo, maana mfilisi alivitaka. Nilikuwa nimefikia mahali pa kushuku mita yangu. Nikasema labda imekufa, labda imenidanganya mwezi mzima, na ili kuijaribu nikaichomeka kwenye soketi ya ukutani. Nilijua nitakachokiona. Miaka yote ukumbini pale umeme ulikuwa volti mia na themanini, na siku mbaya mia na sabini, kwa sababu mashine za kiwanda zilikuwa zikiunyonya wote, balbu zikawa za manjano kama kiini cha yai. Mita ikaonyesha mia mbili na arobaini na mbili. Nikaigonga. Mia mbili na arobaini na mbili. Nikainua macho kwenye balbu ya dari, ilikuwa nyeupe inaumiza. Ndipo nikasikia tena ule utulivu chini ya nyayo. Hakukuwa tena na mashine ya kunyonya. Umeme wetu uliokuwa ukilala ulikuwa umeamka, siku ileile tuliyosimama uani tukisikiliza, na mimi niliyelipwa kujua umeme ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua.

Nilifungua sanduku, nikabandua utepe kwenye transfoma ambayo sikuwahi kuigusa kwa kuwa mchoro ulisema transfoma ni nzima. Chini ya utepe nikakuta kiungo cha Mzee. Alikuwa ameuhamisha waya wa kuingizia umeme, akauweka kwenye nafasi ya umeme mdogo, akauchomelea kwa risasi safi, laini, kazi nadhifu kuliko yangu yoyote. Aliipa ile amplifaya ilichokosa, kisha akailegezea breki ikatosha. Kwa umeme uliokuwepo alikuwa sahihi kabisa. Nikauhamisha waya hadi nafasi yake ya kawaida, nikaweka taa mbili zilizobaki, nikarekebisha breki, nikawasha. Ilikuwa kazi ya robo saa. Nikasubiri dakika kumi, ishirini, saa nzima, mabati yakabaki ya kijivu. Nikachomeka gitaa, nikapiga uzi mmoja, na ukumbi mtupu ukajaa. Nililia. Kisha nikaacha kulia nikaanza kufikiri, na hapo ndipo nilipoharibika. Ningemkimbilia Deo, angemkimbilia yule bwana, pengine angekubali kurudi. Lakini ningelazimika kusema ni nani aliyeua taa nne na kuiharibu Jumapili ile, na mfilisi alikuwa ameniahidi barua nzuri ya kazi. Nikazima. Nikaushika ule waya, nikaurudisha kwenye kiungo cha Mzee, nikaufunga utepe kama nilivyoukuta, ili yeyote atakayefungua aone mkono wa Mzee. Nilipogeuka kuchukua bisibisi kulikuwa na kivuli dirishani, nikafikiri ni tawi.

Barua niliipata, na kazi niliipata Misungwi, na nimekuwa fundi mwenye heshima zake. Deo alikwenda machimboni. Mpiga tumba alifariki mwaka uliofuata, wengine sikuwahi kuwaona tena. Amplifaya ilikwenda na vyuma chakavu ikiwa nzima. Mzee Magoti alihamia Kisesa, na nimesikia kwamba watu waliacha kumpelekea redio zao, kwa kuwa jina linatangulia mtu. Nilipita Kisesa mara nyingi nikiwa njiani. Sikuwahi kushuka.

Pale chini ya turubai Deo alikuwa amefika kwenye sehemu ya yule bwana na soda. Nikaweka sahani chini. Nikasema, "Deo, nyamaza. Ni mimi niliyeiunguza." Nikaeleza yote, umeme, waya, utepe, mbele ya wajukuu. Hakuna aliyecheka. "Mpiga tumba alikufa akimlaani huyu mzee," Deo akasema. "Na wewe unatuambia leo, tumeshamzika." Akainuka akaenda kusimama barabarani peke yake.

Mama Bahati alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, na masikio yake yalikuwa mazima kabisa. "Alikuona," akaniambia. "Ile Ijumaa nililalamika balbu ya nne imeungua, akaweka kijiko chini. Jumamosi akaja kukueleza habari ya umeme, hukumwamkia. Jumatatu akarudi, akakuta gitaa linalia, akafurahi sana. Halafu akakuona unaurudisha waya." Akapangusa mkeka kwa kiganja. "Akaniambia, yule binti atakuja tu, mpe muda. Kila Jumapili aliniambia niongeze kikombe. Miaka mingi, Kabula, nimeosha kikombe kisichonywewa." Nilipiga magoti mbele yake, nikamwamkia. "Shikamoo, Mama." Safari hii aliniangalia usoni.

"Marahaba," akasema. "Hiyo ni yangu. Ya Mzee ameondoka nayo."